Vitabu vya Mzee Brandvold

Solveig Brandvold alikuwa na miaka arobaini na sita, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza akiyahudumia maneno ya baba yake. Kwanza aliyapiga chapa, msichana wa miaka kumi na sita, kwenye mashine ya taipu ambayo herufi moja ilikuwa ikikwama. Baadaye akawa anayauza. Duka lilikuwa pale Harker, mji mdogo wa kaskazini, katika nyumba ya magogo inayoutazama mto, nusu duka na nusu makumbusho: mitego iliyoshika kutu, karai za watafuta dhahabu, ngozi ya dubu iliyoliwa na nondo hadi dubu mwenyewe akaonekana mgonjwa. Karibu na jiko la chuma kilikuwepo kiti cha mikono, na juu ya kiti hicho, kila kiangazi, Solveig alimkalisha baba yake akiwa amevaa koti la ngozi lenye matamvua, na kalamu mkononi ya kuwatilia wanunuzi sahihi.

Mzee Thaddeus Brandvold alikuwa ameandika vitabu kumi na kimoja. Vingi vilikuwa vya historia: walowezi wa kwanza waliovuka milima na ng'ombe wao, wawinda ngozi, wachimba dhahabu waliokufa njaa wakiwa na dhahabu mifukoni. Vilikuwa vitabu vizuri, na havikununuliwa. Kilichonunuliwa ni kimoja, *Majira Saba*. Humo Mzee alisimulia jinsi alivyoacha kazi ya ualimu huko Minnesota mara tu baada ya vita, akamchukua mkewe Ragna na binti yao wa miaka tisa, wakapanda Mto Toklan na shoka, bunduki na mfuko wa mbegu, wakaishi miaka saba bila kuona uso wa binadamu mwingine. Watu waliokuwa wakichoka na kazi za viwandani walikisoma kitabu hicho kama wengine wanavyosoma Biblia.

Binti wa miaka tisa alikuwa Solveig. Yeye alikumbuka uso wa binadamu mwingine vizuri sana. Ulikuwa uso wa Wilbur Alexie, kijana wa wenyeji asilia wa mtoni aliyekuwa akirusha ndege ndogo, na uliwajia kila mwezi, hali ya hewa ikiruhusu, pamoja na unga, mafuta, chumvi, na nyama ya makopo. Alikumbuka pia kifo cha mama yake, majira ya nne, yaani mwaka wa nne wa kukaa huko. Kitabu kilisema Ragna alishikwa na homa, akalala usiku mmoja, akazimika polepole akiitazama theluji dirishani. Ukweli ni kwamba lilikuwa jino. Usaha ulipanda shavuni, ukashuka shingoni, na mama yake alipiga kelele siku nane. Siku ya tisa Wilbur alitua kwa safari yake ya kawaida, akakuta kimya.

Solveig aliipiga chapa sura hiyo mwenyewe. Alipofika pale penye theluji na dirisha alisimamisha vidole, akamtazama baba yake. Baba yake akasema, "Endelea, mwanangu. Watu hawanunui usaha." Akaendelea.

Ndipo mwezi wa nane, mwaka huo tunaousimulia, wakaingia dukani mke na mume vijana kutoka Ohio. Mume aliitwa Dwight Pomeroy, jitu la mtu, mikono kama makoleo, mpole, mwenye haya. Kiwanda alichokuwa akichomelea vyuma kilikuwa kimefungwa. Mke aliitwa Marlys, mdogo wa umbo, macho yanayowaka, na kitabu alichobeba kilikuwa kimegangwa kwa karatasi ya gundi mgongoni mara tatu.

"Wewe ndiye Solveig!" alisema Marlys, akaushika mkono wake juu ya kaunta. "Solveig wa kitabuni! Uliyekuwa ukimlisha kindi kwa mdomo wako!"

"Kindi yule tulimla," alisema Solveig.

Marlys alicheka hadi akainama. "Dwight, umesikia? Ana mzaha kama baba yake!"

Dwight alivua kofia. "Samahani, dada. Tangu jana hajalala kwa furaha."

Walikwenda kwa Mzee. Marlys alipiga magoti kando ya kiti kama anayeungama, akamwambia kwamba wameuza nyumba, wameuza gari, wamemaliza. Wanakwenda kuishi. Mzee macho yake yalikuwa yamefifia, lakini sauti ilikuwa bado ile ile ya darasani, nzito, ya kuaminika.

"Mnakwenda wapi hasa?"

"Popote, Mzee. Popote ambapo hatutakisikia king'ora cha kiwanda."

Mzee aliiweka kalamu magotini. Kisha akasema neno ambalo Solveig hakulitarajia. "Kibanda changu kiko wima. Paa linahitaji udongo na jiko linahitaji bomba. Kichukueni."

Marlys alilia. Dwight alimpigapiga mgongoni, akiwa anamtazama Solveig kwa jicho la mtu anayetaka kuuliza jambo na hajui aanzie wapi. Baadaye Solveig alijilaumu kwa jicho lile kuliko kwa mambo mengine mengi. Angeuliza yule mtu, angejibiwa.

Jioni, walipokuwa wakila supu, Solveig alisema, "Baba, waambie habari ya ndege."

"Ndege ipi?"

"Usinifanyie hivyo. Waambie tulikuwa tunaletewa chakula. Yule binti anadhani mtu anaweza kuishi kwa samaki na matunda ya porini."

"Kitabu si orodha ya vitu vya dukani," alisema Mzee, akipuliza kijiko. "Nilieleza roho ya mahali. Roho haikuletwa na ndege."

"Roho haili, Baba."

"Wewe umekuwa mchungu tangu utoto. Mama yako alikuwa vivyo hivyo." Akaendelea kunywa supu yake.

Basi Solveig aliamua kusema mwenyewe. Kesho yake Marlys alikuja dukani peke yake kununua ramani, na kwa bahati mbaya saa ile ile basi la wastaafu kutoka Iowa lilikuwa limeshusha watu, duka limejaa mashati ya maua na kamera. Solveig alimvuta kando, karibu na rafu ya mitego.

"Nisikilize. Huko juu tulikuwa na ndege. Kila mwezi. Wilbur alituletea unga, mafuta, maharage, nyama ya makopo. Bila yeye tusingeumaliza mwaka wa kwanza."

Marlys alimtazama. Rangi ilimtoka taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za mumewe. Akauliza, na hakupunguza sauti, "Kwa hiyo kitabu ni uongo?"

Duka zima lilinyamaza. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alikuwa amekumbatia nakala tatu, anasubiri kulipa. Kutoka kwenye kiti chake Mzee aligeuza shingo, akaelekeza yale macho yake mabovu upande ilikotoka sauti. Miaka thelathini ilikuwa imesimama nyuma ya jibu la Solveig: paa juu ya kichwa chake, kuni, dawa za baba, jina lake mwenyewe. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu.

"Si uongo," alisema. "Kimefupishwa tu."

"Ah!" Marlys alishusha pumzi, akatabasamu. "Umenitisha! Kila kitabu hufupishwa." Akambusu shavuni, akaenda na ramani yake. Yule bibi akaziweka nakala zake tatu juu ya kaunta, akauliza kama Mzee anaweza kumtilia sahihi na mjukuu wake.

Habari ya mama yake Solveig hakuigusa kabisa.

Mwezi wa tisa, majani yalipogeuka manjano, Wilbur Alexie aliwapeleka. Alikuwa na miaka karibu sitini sasa, kitambi kimeanza kugusa usukani, na bado hakuna aliyeijua njia ya Toklan kama yeye. Aliporudi alipitia dukani, akasimama mlangoni bila kuvua buti.

"Wamefika?" Solveig aliuliza.

"Wamefika. Wanafurahi kama watoto wa mbwa. Niliwawekea magunia mawili ya unga, yule binti akayashusha. Ati uzito wa bure. Nikamwambia, binti, huko hakuna duka la pembeni la kukopa sukari. Akanijibu kwa ukurasa. Ukurasa, Solveig! Anazijua kurasa kwa namba."

"Utarudi kule lini?"

"Amesema nije barafu ikiyeyuka, mwezi wa tano. Asinione kabla." Wilbur alijikuna shingo. "Nitakwenda mwezi wa kumi na moja. Akitaka anipige na hicho kitabu."

Alikwenda kweli, mto ulipoganda vya kutosha kubeba ndege yenye miguu ya kutelezea. Aliwakuta wamekonda lakini wazima. Marlys alisimama mlangoni mikono kiunoni, akamwambia asante, hatuna shida. Lakini wakati Wilbur anapasha moto injini, Dwight alimfuata hadi kwenye ndege akijifanya kumsaidia kuigeuza, akapokea gunia la unga, akalificha nyuma ya rundo la kuni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Shoka?" aliuliza Wilbur.

"Mkwaruzo tu, kaka. Usimwambie nimechukua unga. Itamvunja moyo."

"Panda twende tuuoshe huo mkono."

Dwight alikitazama kibanda. "Siwezi kumwacha. Na yeye haji." Akatabasamu kwa haya. "Utapona."

Kisha ikaja baridi. Harker wanaijua baridi na hawaizungumzi, lakini ile ya mwezi wa kwanza waliizungumza. Ilishuka hadi mafuta yakawa kama uji, vyuma vikavunjika kwa kuguswa, na kwa wiki tatu hakuna ndege iliyoinuka. Kila asubuhi Wilbur aliiwekea injini ya ndege jiko chini, na kila asubuhi haikuwaka. Kila asubuhi Solveig alikwenda kusimama kando yake.

Ilipolegea, mwezi wa pili, Wilbur aliruka peke yake. Alirudi alasiri na Marlys amefungwa ndani ya mablanketi kama mzigo. Dwight alikuwa amebaki kule, juu ya paa la ghala, amezungushiwa turubai ili wanyama wasimfikie. Mkwaruzo haukupona. Mkono uliingia weusi, weusi ukapanda. Alikuwa amekufa siku kumi na tatu zilizopita, na mkewe alikuwa amemwinua pale juu mwenyewe, kwa kamba, mtu mwenye uzito mara mbili ya wake.

Solveig alikwenda kumwona Marlys hospitalini, mji mkubwa, safari ya saa sita kwa gari la Wilbur. Kwa sababu ya baridi, madaktari walikuwa wamemkata vidole vyote vya mguu mmoja na viwili vya mwingine. Uso ulikuwa umebaki macho tu, na macho hayakuwaka tena.

Solveig alikuwa amejiandalia maneno njiani. Alipoketi hayakuja. Akasema, "Pole, mdogo wangu."

"Tulimaliza kuni," alisema Marlys. Alikuwa akizungumza na dari. "Dwight alikuwa hawezi kupasua, na mimi nilikuwa siwezi kumwacha kitandani na moto umezimika. Nikaanza kuchoma vitu. Meza. Viti. Kitabu nilikichoma siku ya kwanza, usidhani nilikihifadhi. Kisha nikang'oa mbao za sakafuni, upande wa kitanda kikubwa."

"Ndiyo."

"Unajua kilichokuwa chini?"

"Sijui."

"Makopo. Makopo matupu ya nyama, yamepangwa kama matofali. Niliyahesabu hadi mia mbili nikaacha. Nilikaa pale nikacheka, Solveig. Dwight akaniuliza unacheka nini, nikamwambia, nimekumbuka kitu." Alivuta blanketi hadi kidevuni. "Na nyuma ya makopo kulikuwa na redio koli. Imefungwa kwa turubai la mafuta, safi, kama mtoto. Betri zake zilikuwa zimekufa zamani, zimetoa ute. Na boksi jingine la betri kando, halikuwa limefunguliwa, nazo zimekufa vilevile. Nilibonyeza kile kitufe siku mbili nzima. Nilijua haifanyi kazi. Nilibonyeza tu."

Solveig alisikia chumba kimesogea mbali. "Redio?" alisema. "Hatukuwa na redio."

Marlys aligeuza kichwa, kwa mara ya kwanza akamtazama. Alimtazama muda mrefu. "Kumbe nawe hukujua hilo," alisema. Halafu, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha: "Lakini ya ndege ulijua. Nilikuuliza. Baba yako ni mzee, ni mwongo, ana vitabu vya kuuza. Wewe nilikuuliza uso kwa uso, umesimama karibu nami kama sasa."

"Duka lilikuwa limejaa watu..."

"Toka, tafadhali."

Alitoka.

Kwenye gari, maili arobaini zilipita. Theluji ilikuwa ikipeperuka barabarani. Mwishowe Solveig alisema, "Wilbur, kibandani kulikuwa na redio?"

Wilbur alimtazama kama anayedhani anataniwa. "Si mimi niliyeileta? Mwaka wa kwanza ule ule. Ya jeshi, masalio ya vita. Nilimfungia na waya juu ya paa."

"Ule waya wa kuanikia nyama."

"Nyama gani? Ulikuwa waya wa redio."

"Mama alipougua..."

Wilbur alipunguza mwendo, akasimamisha gari pembeni. Alizima injini. "Nilimuuliza baba yako siku ile ile. Nilimkamata kola. Nikamwambia, kwa nini hukuita? Dakika arobaini ningekuwa hapa. Akasema redio iliharibika tangu vuli. Akalia. Mimi nilikuwa kijana, nikamwamini. Nilidhani nawe unajua hivyo."

"Na baadaye? Iliwahi kufanya kazi?"

Wilbur alishika usukani kwa mikono miwili, na gari lilikuwa limesimama. "Mwaka wa tano aliniita. Kiangazi. Alisema ameitengeneza."

"Alikuita kwa nini? Nani alikuwa anaumwa?"

"Hakuna aliyekuwa anaumwa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Utepe wa mashine ya taipu ulikuwa umeisha."

Walipofika Harker Mzee alikuwa jikoni, blanketi magotini, redio ya muziki inaimba polepole. Solveig hakuvua koti. Aliizima.

"Dwight Pomeroy alikufa kwa mkono uliooza," alisema. "Marlys aling'oa sakafu."

Vidole vya Mzee vilianza kucheza na pindo la blanketi.

"Ilikuwa nzima, Baba?"

"Nini?"

"Mama alilia siku nane. Mimi nilikuwa nikiziba masikio kwa nta ya mishumaa. Ulikuwa umelala juu ya redio. Ilikuwa nzima?"

"Betri zilikuwa za kuhifadhi," alisema Mzee. "Ni jino. Nani anakufa kwa jino? Nilisema kesho litapasuka. Kesho yake nikasema kesho."

"Siku nane."

"Ningemwita Wilbur, angempeleka hospitali. Ungekuwa mwisho. Mama yako alikuwa anatafuta sababu ya kurudi mjini tangu siku ya kwanza, unajua hilo. Asingerudi tena mtoni, na wewe angekuchukua." Alikuwa akisema polepole, kwa ile sauti ya darasani, kama anayeeleza sababu za vita vya zamani. "Nilikuwa na majira manne. Majira manne ni likizo. Si kitabu."

Solveig alikuwa akitarajia akatae. Alikuwa amejiandaa kwa kukana, kwa machozi, hata kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alipanda juu chumbani, akakaa kitandani na koti lake, na buti zake zikaacha maji sakafuni.

Aliandika barua gazetini. Aliandika kila kitu: ndege, makopo, jino, redio, utepe, na neno lake mwenyewe alilomjibu Marlys mbele ya watu. Gazeti lilifupisha barua hiyo, likaitoa ukurasa wa ndani. Lakini ukurasa wa kwanza, juma hilo hilo, walikuwa wameweka habari ya wapenzi wawili wa Ohio waliofuata ndoto hadi Toklan, pamoja na picha ya jalada la *Majira Saba*. Majibu yalikuja kwa magunia. Mwalimu mmoja wa Kansas alimwita mtoto asiye na shukrani. Mwanamke mmoja alimwandikia: hata kama ni kweli, ulikuwa na haja gani ya kutuambia? Na mchapishaji alipiga simu kwa Mzee, akamwambia nakala zimekwisha madukani nchi nzima, watatoa toleo jipya, na wangependa maneno machache mapya ya mwisho kutoka kwake.

Mwezi wa tano barafu ilipasuka. Solveig na Wilbur waliruka kwenda kumzika Dwight. Marlys alikuwa amewatumia ujumbe kupitia muuguzi: azikwe huko huko, lakini mbali na kibanda, mahali penye jua. Walichimba siku nzima, maana chini ya shubiri moja ardhi ilikuwa bado jiwe. Kaburi la Ragna lilikuwa upande wa pili, na msalaba wake wa mbao ulikuwa umelala. Solveig aliusimamisha, akaushindilia mawe.

Halafu aliingia kibandani. Sakafu ilikuwa wazi nusu, na yale makopo yalikuwepo, yamepangwa kwa unadhifu, mkono wa baba yake kabisa. Redio ilikuwa juu ya kitanda pale Marlys alipoiacha. Aliichukua, akaipeleka nje, akaiweka juu ya jiwe. Alirudi ndani na kopo la mafuta ya taa.

"Solveig," alisema Wilbur kutoka nje. "Kwa kuchoma mahali hapa watu wanaweza kukushtaki. Ni historia."

"Ndiyo, ni historia. Sogea."

Magogo yalikuwa makavu, ya miaka karibu arobaini. Yaliwaka kwa sauti kubwa. Wilbur alisimama na koleo kuangalia cheche zisiende msituni, Solveig alikaa chini kando ya redio, na wote wawili walikaa hadi paa lilipoingia ndani. Alidhani angejisikia vizuri. Alijisikia njaa.

Alimwambia baba yake asubuhi yake, alipokuwa akimnyoa. Alimwambia wazi: nimekichoma kibanda. Wembe ulikuwa shingoni mwake na Mzee hakutikisika. Alifumba macho. Solveig akaona midomo yake inasogea, akadhani anaomba.

"Chukua kalamu," alisema Mzee.

"Ya nini?"

"Yale maneno ya mwisho wanayotaka. Andika. 'Katika kiangazi hicho radi ilipiga kibanda cha Toklan. Kiliwaka siku moja na usiku mmoja, na mto ukabeba majivu yake baharini.' Umeandika?"

"Sikuandika."

"Andika, mwanangu. Ni mwisho mzuri. Nimekuwa nikiutafuta muda mrefu."

Solveig alimfuta sabuni iliyobaki, akaosha wembe, akalikunja taulo. Mzee alipapasa mezani, akaipata kalamu mwenyewe, akaanza kuandika nyuma ya bahasha, herufi kubwa zinazopandana kama mbuzi. Binti yake alisimama akimtazama hadi alipofika mwisho wa mstari na kalamu ikaendelea juu ya meza.

Mwezi wa sita aliondoka Harker na sanduku moja. Baraza la mji lilimweka mwanamke mwingine dukani na kumtafutia Mzee mtu wa kumhudumia. Toleo jipya lilitoka vuli, na maneno ya mwisho yalikuwemo, yamesafishwa na mtu wa kule kwa mchapishaji: radi, mto, majivu. Mzee alikufa majira ya baridi yaliyofuata, kitandani, bila maumivu. Solveig alipata habari hizo kwenye gazeti, katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli alikokuwa akifanya kazi, kusini, mahali pasipo na theluji.

Marlys alikuwa amerudi Ohio kwa mama yake, anajifunza kutembea upya. Solveig alimwandikia barua tatu na hakupata jibu. Ya nne ilirudi bila kufunguliwa. Juu yake mtu alikuwa amekata anwani kwa mstari mmoja ulionyooka.